Nilikaa gizani, na Mac imejaa chaji mezani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, naishi Dar es Salaam. Nina studio ndogo Sinza ya kupiga picha na video za harusi, sendofu na ubarikio. Tunaiendesha wawili, mimi na mtoto wa mama yangu mdogo. Tulianza na kamera ya kuazima, leo tuna vijana wawili tunaowalipa na wateja wanatufuata wenyewe. Hela haijawahi kutugombanisha. Kinachotugombanisha ni kompyuta.

Mdogo wangu huyu ni mtu wa Apple. Sisemi kwamba anatumia vitu vya Apple, nasema ni mtu wa Apple, kama mtu anavyokuwa wa kabila fulani. Simu, saa, vile vidude vya masikioni, laptopu, na stika ya tunda lililomegwa amebandika kwenye pikipiki. Kila Septemba simu mpya zikizinduliwa kule California, kwetu inakuwa saa mbili usiku na kazi inasimama, anatazama mwanzo mwisho kama fainali. Vijana wetu wawili nao ameshawabatiza. Mmoja ana simu ya mkopo ambayo bado analipa, lakini ananiambia, "Bro, Android ni ya kuanzia maisha."

Mimi natumia laptopu ya mtumba yenye Windows. Nimeiongezea RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, mara mbili, nimebadilisha diski, betri nimenunua nyingine, yote kwa fundi wa Kariakoo huku nimekaa kwenye kigoda naona. Kwangu kitu changu ni kile ninachoweza kukifungua. Hawa jamaa wa Apple kwenye laptopu yao ya MacBook Pro ya Retina ya mwaka 2012 walilehemu RAM kwenye bodi na kugandisha betri kwa gundi, na kufika 2016 hata diski wakailehemu. Simu wakaitoa tundu la hedifoni mwaka huohuo wa 2016 na jukwaani wakauita ujasiri. Mwaka 2019 walitoa stendi ya kioo cha kompyuta, stendi tu, dola 999. Mwaka 2021 wakatoa kitambaa cha kufutia kioo, dola 19, na watu wakakinunua hadi wengine ikabidi wasubiri wiki kadhaa! Nikimwonyesha mdogo wangu haya anacheka, anasema, "Kaka, huwezi kuelewa." Hilo neno "huwezi kuelewa" ndilo linaloniua.

Halafu kuna hii ya kutengwa. Juzi kwenye sendofu matroni alikuwa na picha nzuri za asubuhi saluni, akawarushia wote kwa AirDrop, ile njia ya Apple ya kurushiana mafaili hewani. Aliponifikia akaitazama simu yangu, akasema kwa upole kabisa, "Kaka wewe tutakutumia WhatsApp." Zikaja zimebanwa, hazifai. Na mteja mmoja alishawahi kuja kuchagua picha, akaniona na laptopu yangu, akamuuliza mdogo wangu kama kazi yake ataifanya yeye au mimi.

Nimeapa sitagusa Mac. Hata mwezi uliopita umeme ulipokatika usiku na mteja anasubiri klipu yake ya dakika tatu, laptopu yangu ilizima na yake ilikuwa mezani imejaa chaji, yeye kalala nyumbani na nywila alishanipa siku nyingi. Sikuigusa. Klipu ilienda kesho yake mchana.

Sasa tumeweka akiba milioni 9. Yeye anataka MacBook Pro mpya moja. Mimi nataka laptopu mbili za mtumba zenye nguvu, diski za kuhifadhia kazi na lenzi. Kikao kimevunjika mara mbili. Mara ya mwisho aliniambia mbele ya vijana, "Unachukia kwa sababu huna." Tangu siku hiyo tunaongea kazi tu. Nifanyeje, Shangazi? Nimkubalie ili amani irudi, au nisimame kwenye ukweli?

Mwananchi damu, Sinza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara moja, isipokuwa ile sehemu ya umeme, hiyo nimeirudia mara tatu. Umeipitisha harakaharaka katikati ya mambo mengine, kama mtu anayemtaja daktari wake kwa bahati mbaya. Mteja anasubiri. Mashine ipo. Nywila unayo. Betri imejaa. Ukakaa gizani.

Matroni tutamfikia, kitambaa cha dola 19 tutakifikia, na ninakuonya kwamba kwenye mengi nitakuwa upande wako. Ila usiku ule hukuwa unapinga RAM kulehemiwa. Ulikuwa unambishia mdogo wako ambaye hata hakuwepo chumbani, na aliyelipa gharama ni mwenye harusi.

Acha nikusimulie kitu. Agosti 1997, mjini Boston, Apple ilikuwa hoi, karibu kufilisika. Steve Jobs, aliyekuwa amerejea baada ya miaka mingi nje ya kampuni aliyoianzisha, alipanda jukwaani mbele ya mashabiki na kuwatangazia kwamba Microsoft inaweka dola milioni 150 kwenye kampuni. Uso wa Bill Gates, bosi wa Microsoft, ukatokea kwenye skrini kubwa nyuma yake. Ukumbi ukazomea. Walimzomea mtu aliyekuja na hela wakati nyumba inaungua. Jobs ikabidi awaambie waachane na fikra kwamba ili Apple ishinde ni lazima Microsoft ishindwe. Yaani mwenye timu ndiye aliyewatuliza mashabiki wa timu yake. Wewe usiku ule Sinza ulikuwa kwenye ukumbi huohuo, safu ya upande wa pili. Waliizomea hela, wewe ukaizomea betri.

Usidhani ushabiki huo ulijizukia tu. Macintosh ya kwanza ilipotoka Januari 1984, kampuni ilikuwa na mtu kama Guy Kawasaki ambaye kazi yake iliitwa, kwa neno lao wenyewe, uinjilisti. Alikuwa anazunguka kuwashawishi watengeneza programu waiamini mashine hiyo. Wamefundishwa kuamini, na wanaamini. Kwa hiyo mdogo wako akikwambia "huwezi kuelewa", anakujibu kama mlokole anavyomjibu asiyeokoka. Hilo halitafutiwi dawa kwa kuongeza hoja. Nimekaa na watu wa kila dini kwenye duka langu la steshenari miaka kumi na tisa, sijaona aliyesilimu kwa kutukanwa.

Ila nawe, mwanangu, umeisaini barua kwa jina la Mwananchi damu. Shangazi yako anajua Wananchi ni akina nani. Mtu wa Yanga anayeniandikia kulalamika juu ya watu wanaovaa nembo, wanaosimamisha kazi kwa ajili ya mechi na wanaowaambia wengine hawawezi kuelewa! Nimecheka hadi mjukuu akaja kuangalia kuna nini.

Haya, sasa hoja zako.

Ya kulehemu ni ya kweli na ni nzito. Kwenye Mac za leo RAM inakaa pamoja na prosesa, ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho, na kuongezewa kiwandani GB chache hugharimu dola 200. Kuna kisa ambacho ungekijua ungekichonga ukutani. Mwaka 2023 Apple waliuza MacBook Pro mpya ya kuanzia dola 1,599 yenye GB 8 za RAM, na kiongozi wao mmoja akasema hadharani kwamba GB 8 zao ni kama 16 za wengine. Mashabiki walilibeba neno hilo, wakabishana nalo usiku na mchana. Oktoba 2024 kampuni yenyewe ikaanza kuuza zote zikianzia GB 16, hata MacBook Air, bei ileile. Sijasikia shabiki aliyeomba radhi. Wakikwambia tena kwamba Mac haipati virusi, waambie wewe kwamba mwaka 2012 kirusi kilichoitwa Flashback kiliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000.

Lakini hoja yako imebaki kwenye mashine za zamani. Novemba 2020 Apple walianza kuacha prosesa za Intel na kutumia za kwao, M1 na zilizofuata, na hapo kitu kilibadilika ambacho si nembo wala stika. Prosesa na kitengo cha picha vinatumia RAM moja, video haihamishwi huku na huku, na ndani mna sehemu maalumu ya kufungua video. Kijana wa dada yangu anahariri video, ndiye aliyenielewesha. Kamera nyingi mpya zinarekodi 4K ya H.265, biti 10, 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana na nzito kuifungua. Ukiiweka kwenye laptopu ya miaka minane, kila ukisogeza mshale inakwama kama gari lililoingiza maji kwenye petroli. Kwenye M1 inateleza. Ile MacBook Air ya M1 haina hata feni, na kampuni iliitangaza kuwa inafika saa 15 za kutumia intaneti kwa betri. Punguza nusu, kwa sababu kuhariri kunakula sana. Bado ingeutosha usiku wako ule.

Na Windows yako, mwanangu? Oktoba 14, 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inazikataa laptopu nyingi zenye Intel za kabla ya kizazi cha nane. Angalia yako ni ya kizazi gani kabla hujamwambia mtu kwamba unaweza kuifungua na kuitengeneza milele. Bisibisi haiongezi miaka ya programu.

Stendi ya dola 999 ni kichekesho, tucheke, lakini hakuna aliyekushika mkono uinunue. Usimhukumu mtu kwa kitu ambacho naye hakukinunua.

Ya matroni inaniuma zaidi ya zote, na naona wewe pia, maana ndiyo pekee uliyoiandika bila takwimu. Kule Marekani watoto wa shule wanachekana kwa rangi ya ujumbe, bluu kwa wa iPhone, kijani kwa wengine. Sisi huku WhatsApp imetuokoa na hilo, kwa kiasi. Ila picha za kazi hazipokelewi WhatsApp kama picha za kawaida, hata kutoka kwa matroni mpole. Mwambie azitume kama dokumenti, zitakuja zilivyo. Au nenda na kile kisomaji kidogo cha kadi na waya wa simu. Mpiga picha wa harusi anayesubiri kurushiwa hewani ameiacha kazi yake mikononi mwa wageni. Na yule mteja aliyeuliza kama ataifanya mdogo wako au wewe, huyo hakuwa na adabu. Lakini ulimjibu? Kwenye barua hakuna jibu. Nadhani ulinyamaza, ukaenda kumalizia hasira kwenye nembo.

Kuhusu milioni 9, sikubaliani na yeyote kati yenu. Mashine moja mpya ya bei kubwa kwa watu wanne ni ujinga wa mashabiki. Ikiibiwa kwenye bajaji, studio imekufa. Laptopu mbili za mtumba kwa sababu tu unajua kuzifungua ni ujinga wa mafundi, nisamehe. Na wote wawili mmeongea kuhusu mashine. Mtu pekee aliyetaja diski za kuhifadhia ni wewe, kwa maneno machache, na mimi ningeanzia hapo. Harusi haipigwi mara ya pili. Kila kazi ikae sehemu mbili, na moja ya hizo isiwe Sinza. Diski hizo zifomatiwe kwa exFAT, mpangilio ambao Mac na Windows zote zinausoma na kuuandika, kwa kuwa Mac ikikutana na diski ya NTFS ya Windows inaisoma tu, haiandiki, na hapo ndipo "mashine yako haifai" nyingi huzaliwa bure.

Halafu chagueni programu ya kuhariri kabla ya kuchagua kompyuta. Mdogo wako akitumia Final Cut Pro, inafanya kazi kwenye vifaa vya Apple pekee. Kila harusi atakayoihariri humo wewe huwezi kuifungua, na siku akiumwa mteja atakusubiri. Hata watu wake wenyewe wanayajua machungu yake. Mwaka 2011 toleo jipya la Final Cut lilitoka likiwa haliwezi kufungua kazi za toleo la zamani, na wahariri wakubwa waliipigia kelele Apple kuliko ulivyowahi kupiga wewe. Programu nyingine ya kuhariri, DaVinci Resolve, inakubali Mac, Windows na hata Linux, na ina toleo la bure. Mkikubaliana hapo, kazi inaweza kuanzia kwenye mashine yake ikamalizikia kwenye yako, na ugomvi wenu utabaki wa porojo.

Mashine sasa. Ningenunua MacBook Air moja yenye prosesa ya M, GB 16, hata ikiwa ya mtumba, kwa ajili ya safari na usiku wa giza. Kwa fedha itakayobaki ningetafuta kompyuta ya mezani ya Windows ya kukaa studio, ile ambayo wewe na fundi wako wa Kariakoo mtaifungua mpendavyo, RAM, diski, kadi ya picha. Lenzi, kama kitu kitabaki.

Mkienda kwenye Mac za mtumba, wewe ndiye uende, si yeye, maana mpenzi hakagui. Zile za mwaka 2016 hadi 2019 ziache, nyingi kibodi zake ndizo zile nyembamba zilizokuwa zinakwama herufi, na mwaka 2022 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi yake Marekani. Zenye Intel ziache zote, Apple walishatangaza kwamba mfumo wao wa mwaka 2025 ndio wa mwisho kuzipokea. Na usitoe hata shilingi kabla muuzaji hajaifuta mashine mbele yako na wewe ukaiwasha upya hadi mwisho. Kama inakuomba akaunti ya mwenyewe wa zamani, au inaandika kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, irudishe mezani uondoke. Hiyo imefungwa, na fundi atakayekwambia anaifungua anakuuzia matatizo ya mtu mwingine.

Kabla ya kununua chochote, chukueni harusi moja iliyokwisha, klipu zilezile, muiweke kwenye mashine zote mbili mlizonazo. Jumamosi moja. Andikeni saa ya kuanza na kumaliza kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika. Kisha zimeni swichi kuu ya studio, mrudie kwa betri. Asisimame mtu kuhutubia. Kama yako itakwama, jaribu kwanza kutengeneza nakala nyepesi za video za kuhariria, Resolve inazitengeneza yenyewe, watu wengi hutupa laptopu nzima kabla ya kujaribu hilo. Matokeo yaandikeni kwenye daftari la studio, siyo kwenye simu ya mtu.

Kuhusu "unachukia kwa sababu huna". Hilo ni neno baya na alilisema mbele ya wadogo. Wewe ni kaka yake, una haki ya kumwita pembeni, bila vijana, bila kompyuta mezani. Mwambie lilikuuma. Usianze na gundi na tundu la hedifoni. Kisha mweleze habari ya usiku wa umeme, maana nina hakika hajui. Ataudhika, na ana haki, jina la studio ni lake pia. Mkiwa mmeudhiana sawasawa, kikao cha tatu kitaenda. Na huyo kijana wa "Android ni ya kuanzia maisha" mwacheni, bado analipa mkopo, adhabu yake anayo.

Umeniuliza umkubalie ili amani irudi au usimame kwenye ukweli. Ukweli gani, mwanangu? Kwamba kampuni ile ni ya bei ghali na jeuri? Hilo mdogo wako anaweza kukukubalia leo jioni mkinywa soda, na asubuhi akawasha Mac yake kama kawaida. Nawe unaweza kuendelea kutoipenda hadi uzee wako na bado ukaitumia ikiwa mteja anasubiri. Mimi simpendi mwenye nyumba wangu wa dukani, na kila mwezi nampelekea kodi.

Yule mwenye klipu ya dakika tatu bado hajajua kwa nini ilichelewa. Mpigie kabla ya Jumamosi, na kama kuna picha hujamtolea, mtolee bure.